Miiko

Ndalahwa aliteremka mlimani siku ya ishirini na nane,
akishika mawe ya Kitangiri jiwe baada ya jiwe
kama mtu anayehesabu madeni.
Shati lilitangulia, yeye akafuata ndani yake.

Mama hakulia. Mama alikimbilia jikoni.
Sato wawili, mikia bado inapiga karai,
wali, michembe, kibuyu kizima cha maziwa ya mgando,
na jogoo aliyekuwa akisubiri Krismasi
akapunguziwa miezi.

Mimi ndiye niliyefunika masufuria.

Miaka kumi na mmoja napika jikoni hospitalini,
uji kwa debe, supu kwa ndoo.
Nimemwona aliyeishinda njaa, akashindwa na shibe:
Jumatatu alikula akasifiwa,
Alhamisi moyo ukajikwaa.

Nikamwambia mama: mwili huu umeuza kila kitu.
Umeuza mafuta, ukauza nyama ya mapaja,
chumvi za damu umezitumia hadi senti ya mwisho.
Ukimwaga chakula kwa pupa,
kila chungu ndani kitadai chumvi kwa wakati mmoja,
na moyo utabaki mikono mitupu.
Mama akanitazama kama ninayesoma barua ya mtu mwingine.

Tulimpeleka kwanza. Nesi Kokugonza akatoa damu,
akachoma sindano ya vitamini kabla ya kijiko chochote,
na siku alipomruhusu akaandika kwenye daftari langu,
mwandiko wa kuinama:
Kidogo. Mara nyingi. Pandisha polepole.
Miguu ikivimba, mapigo yakikimbia, pumzi ikikata,
rudini, hata usiku.

Wanasema mwenye njaa hana miiko.
Basi miiko nikawa nayo mimi:
mmoja wa mbao, wa kukorogea,
mwingine wa kumkataza.

Uji mwepesi wa ulezi, nusu kikombe cha bati,
kila baada ya saa tatu, hata kuku wakiwa wamelala.
Majirani walikuja na vyombo vilivyofunikwa vitambaa,
vikarudi vilivyo.
Mama Nkwimba alisema pale uani, wala hakunong'ona:
"Milembe anampimia ndugu yake
kama anayepimia kuku dawa ya mdondo."

Kweli nilipima.

Usiku mmoja nikamkuta jikoni gizani,
sufuria ya michembe mapajani.
Hajala. Alikuwa anainusa tu, machozi yanadondokea humo.
Kule ziwani taa za wavuvi wa dagaa
zilikuwa zimejipanga kama mji usio na ngazi.
"Kipande kimoja, Milembe."
"Nusu."
Ile nusu tukaigawa kwa meno.
Hakuniambia Mungu alimwambia nini kule juu.
Aliniambia kwamba siku ya kumi na tisa
alisahau harufu ya kitunguu,
na hapo ndipo alipoogopa.

Kikombe kikawa kizima. Uji ukapata maziwa.
Damu ikapimwa tena, nesi akatikisa kichwa cha ndiyo.
Ukaja mchuzi, ukaja sato wa ukubwa wa kidole,
nimemchambua miba hadi macho yanawasha.
Kuna siku miguu ilivimba kidogo, tukarudi mbio,
tukapunguza, tukaanza tena pale tulipoachia.
Hakuna aliyetupigia vigelegele kwa hilo.

Halafu asubuhi moja, mvua inanyesha,
akasukuma bakuli, akakunja uso:
"Huu uji hauna ladha. Nani kapika?"

Nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua
nikicheka peke yangu kama mwehu.

Niliporudi ndani mama alikuwa anaosha bakuli lile,
mgongo kwangu, gauni limemwangukia begani.
Nikaona mfupa wa shingo.
Nikaanza kuhesabu: siku ishirini na nane za mlimani,
na hizi zote za miiko yangu,
ni lini nilimwona akitia tonge mdomoni?

Sikumuuliza.
Nilichukua kikombe cha pili cha bati,
nikapima nusu.